Ndege wa Vidole Vinne

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama nje ya duka jipya la dada yake wifi, nimeganda kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, namtazama ndege wangu akiwa upande wa pili wa kioo.

Kwa aliyeingia leo, nasema kwa ufupi. Mama yangu alikuwa fundi wa kutarizi. Alipofariki alituachia karakana mimi na kaka: mashine ya kutarizi, nyuzi za kila rangi, na laptopu nzee iliyovaa kitambaa cha maua, ambayo ndiyo huiambia mashine ishone nini. Mke wa kaka, wifi yangu, akajipa ubosi. Akamleta mtu tunayemwita Fundi Mkoba, kwa sababu yeye na mkoba wake hata kulala nadhani wanalala pamoja. Fundi Mkoba akaigusa laptopu siku moja tu. Kesho yake nikaandika neno langu la siri, ikanikataa.

"Imekufa hiyo," wifi aliniambia. "Na wewe huna kazi tena hapa. Utatarizi kwa mzoga?"

Siku nane baadaye nikamkuta ndege wangu, korongo, dukani kwa dada yake, katariziwa kwenye sweta ya shule ya wasichana.

Nilijuaje kuwa ni wangu? Mguu wake wa kulia una vidole vitatu. Wa kushoto una vinne. Nilimchora nikiwa bado msichana mdogo, mama kakaa pembeni, nikakosea kuhesabu. Nilipotaka kurekebisha mama akanishika mkono.

"Mwache hivyohivyo," alisema huku anacheka. "Huyu sasa hawezi kupotea."

Pale dukani sikupiga kelele. Mimi ni mtu wa sindano, na mtu wa sindano anahesabu kwanza. Nikahesabu: wifi, mmoja. Dada yake, wawili. Fundi Mkoba, watatu. Nikaapa nitawashona midomo wote.

Lakini kwanza niifungue laptopu. Nani atanisaidia? Mafundi wote wa mtaa wetu wanakunywa chai benchi moja na Fundi Mkoba. Ukimuuliza mmoja asubuhi, Fundi Mkoba mwenyewe anazo habari kabla jua halijapanda.

Ndipo nikaamua kuwaendea watu wasionijua. Kwenye simu yangu kuna kundi la mtandaoni linaitwa Kijiwe cha Kompyuta. Mtu anaweka tatizo lake, mafundi kutoka kila pembe wanamjibu bure. Mwezi mzima nilikuwa nasoma tu kimyakimya, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani.

Kesho yake asubuhi, wifi alipokwenda saluni, niliingia karakana kwa mlango wa uani. Ufunguo wa mlango ule mama alinipa mimi. Wifi hajui hata kama upo. Nikaiwasha laptopu, nikakaa mbele yake, nikaandika:

"Hamjambo nyote. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo mnisamehe nisipojua majina ya vitu. Laptopu ya marehemu mama inaniuliza neno la siri, nikiandika la kwangu inakataa. Fundi wa mtaani anasema imekufa. Swali langu ni hili: maiti anauliza maswali?"

Wa kwanza kujibu ni mmoja anayejiita Mtambo Mbovu.

"Huyu kaiba laptopu ya watu, sasa anatuletea marehemu."

Watu kumi na wanne wakacheka. Nikawahesabu.

"Dada, irudishe ulikoitoa," akasema mwingine.

Nusura nizime simu. Kisha akaja mtu anaitwa Babu Waya.

"Humu hatufungui kufuli za watu," aliandika. "Ila sijawahi kumwona mwizi anayeomba radhi kabla ya kuiba. Binti, tueleze. Wewe na hiyo laptopu mmejuanaje?"

Nikamweleza. Niliandika mpaka kidole gumba kikauma. Mama, karakana, wifi, korongo, vyote. Nikapiga na picha ya kile kitambaa cha maua, pale mama alipotarizi jina lake na langu kwenye pindo.

Mara akaingia mama mmoja, Bi Kebo.

"Pindo hilo limenitoa machozi," alisema. "Babu Waya, msaidie mtoto. Na huyo wifi, nani ana namba yake? Nina salamu zake."

Babu Waya akaniuliza, "Tazama pembeni ya kioo. Kuna jina lako peke yake, au kuna mengine?"

Yalikuwa matatu. Langu. "Fundi." Na chini kabisa, penye picha ya ua jekundu, "Mama."

"Bofya Mama."

"Inauliza neno la siri, na mimi silijui."

"Kosea makusudi."

"Nikosee?"

"Ukikosea itakuonyesha kidokezo, kama mwenyewe alikiacha. Watu wazima tunasahau, kwa hiyo tunajiachia vidokezo."

Nikaandika "chai". Ikakataa. Chini yake yakatokea maneno madogo, na niliyasoma nikasikia kabisa sauti iliyoyasema.

*Kosa la mwanangu.*

Nikaandika bila kuacha nafasi: vidolevinne.

Ikafunguka.

Kule kijiweni wakanipigia makofi. Hata Mtambo Mbovu aliweka kofi moja, la kinyongo. Lakini nilipofungua folda ya michoro nikakuta tupu. Michoro yote ya miaka yote, hakuna.

"Wameifuta," nikaandika.

"Usitetemeke," akasema Babu Waya. "Funga madirisha yote, libaki moja tu. Halafu tazama kwenye kapu la taka."

Hapa naomba mnielewe. Mama alinifundisha kompyuta kwa kunyoosha kidole. Bonyeza hiki, vuta kile. Hakuna siku aliyonitajia jina la kitu. Nikaona huyu mzee anajua analolisema. Vumbi ni adui wa mashine yoyote, na upepo ndio unaolileta.

Nikainuka. Karakana ina madirisha matano ya mbao. Nikafunga manne kwa komeo, nikabakiza la uani, wazi kidogo. Kisha nikaenda kwenye kapu la taka chini ya meza ya kukatia, nikalimwaga sakafuni.

Vipande vya nyuzi, karatasi, maganda ya machungwa ya wifi. Na vitambaa vitatu vilivyofinyangwa.

Nikavinyoosha. Korongo wangu, mara tatu. Na mara zote tatu mguu wa kushoto umechokonolewa kwa sindano mpaka kitambaa kimetoboka. Walikuwa wanajaribu kumng'oa kidole cha nne.

Nikarudi kwenye simu. "Nimefunga madirisha manne, limebaki la uani. Kapu nimelimwaga sakafuni. Nifanye nini sasa?"

Kijiwe kizima kikalipuka.

"LA UANI!" aliandika Mtambo Mbovu. "Jamani nishikeni, nakufa mimi!"

"Dada Dirisha, usimjali huyo," akasema Bi Kebo. "Alimaanisha madirisha ya kwenye kioo. Hata kapu liko humohumo, ile picha ya pipa."

Sikupata hata muda wa kuona aibu. Nje, upande wa barabarani, nilisikia viatu vya wifi. Vile viatu navijua, vinagonga kama mtu anayedai mlango ufunguliwe.

"Pamefungwa kote," alisema. "Basi hakuna mtu. Njoo huku uani tuongee, mtaa huu una masikio."

Wakaja uani. Wakasimama chini ya dirisha moja tu lililobaki wazi. Nikajibana ukutani, vitambaa vitatu mkononi.

"Sasa nisikilize," wifi alisema. "Kesho saa nne ni mkutano wa wazazi. Mashine inapelekwa shuleni, nembo ya korongo inashonwa mbele ya watu wote, dada yangu anatangazwa kuwa ndiye mchoraji, na duka lake ndilo litakaloshona sare. Halafu wewe unaniambia kidole hakitoki?"

"Kwenye nakala niliyowapa hakitoki, ile ni ya kushona tu," ilijibu sauti ya Fundi Mkoba. "Unatakiwa mchoro wenyewe."

"Uko wapi?"

"Niliutupa."

"Uliutupa!"

"Kwenye kapu la kompyuta, shemeji, si jalalani. Nautoa sasa hivi."

"Utoe, tena leo. Yule mwalimu mkuu ana macho ya mwewe. Kaniuliza mbona mguu mmoja una vidole vinne. Nimemwambia ni ndege wa ng'ambo."

Fundi Mkoba akacheka mpaka akakohoa. "Na mumeo je?"

"Mume wangu? Funguo kanipa kwa mkono wake mwenyewe. Kasema, haya, kafanyeni kazi yenu."

Nilihisi kama nimechomwa sindano chini ya ukucha. Kaka. Kaka yangu wa tumbo moja.

"Na yule mdogo wake?"

"Yule wa shule ya msingi? Kompyuta kwake ni kioo cha kujitazamia. Twende tukale kwanza. Saa tisa tunarudi, tunaibeba yenyewe, ukaitengenezee kule dukani."

Viatu vikaondoka vikigonga. Mimi nikahesabu upya. Sasa walikuwa wanne.

Nikaitafuta ile picha ya pipa kwenye kioo, nikaibofya, na korongo alikuwa humo, mzima. Nikamrudisha kwenye folda yake. Nikawaeleza kijiweni niliyoyasikia, yote isipokuwa la kaka.

"Basi umeshinda," akaandika Babu Waya. "Weka nakala kwenye simu yako, nenda nayo kwa huyo mwalimu mkuu, mwonyeshe tarehe ya mchoro. Mambo yamekwisha."

Nikayasoma mara mbili. Ni kweli, ningeweza. Ningekwenda kwa heshima, ningesikilizwa, na wifi angeomba radhi sebuleni kwa sauti ndogo, watu wanne wakisikia. Mimi nilitaka wasikie wazazi wa shule nzima.

"Nina swali jingine," nikaandika. "Nataka neno ambalo kwenye kioo halionekani, lakini mashine ikifika hapo ilishone."

"La nini?" akauliza Babu Waya.

Bi Kebo akajibu badala yangu. "Mimi nimeshaelewa, na nimependa. Lipe rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mashine haina macho, Dada Dirisha. Inashona kwa uzi wowote uliovishwa sindano."

"Binti," akasema Babu Waya, "kabla hujafanya lolote, weka nakala."

Nililiona neno lile. Nikalipita kama mtu anayemdharau mgeni mlangoni.

Nikaanza na mguu. Niliwasaidia kazi yao, wasiwe na sababu ya kugusa chochote. Nikakifuta kile kidole cha nne. Sasa vidole vilikuwa vitatu kwa vitatu, ndege wa watu wote.

Kisha chini ya miguu nikaandika herufi tano, nene, za mshono uliojaa: MWIZI. Nikazipa weupe. Kwenye kioo zikatoweka kabisa, hata mimi niliyeziweka sikuziona. Nikazipanga zishonwe mwisho, kwa sindano ya nane ya mashine, ambayo tangu enzi za mama huwa na uzi mweusi.

Nikahifadhi juu ya mchoro wa zamani, nikamtupa tena korongo kwenye kapu la kompyuta kama walivyomwacha. Taka za sakafuni nikazizoa zote, hadi maganda ya machungwa. Madirisha manne niliyaacha yamefungwa, maana walishayaona hivyo. Nikatoka.

Saa tisa nilikuwa nimekaa kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ndara yangu mikononi mwake, macho yangu kwenye mlango wa karakana. Wakatoka. Laptopu ilikuwa kwapani mwa Fundi Mkoba, imevuliwa kitambaa chake.

"Aa, wifi yangu kipenzi!" wifi alipaza sauti. "Mbona umekaa juani? Utayeyuka."

"Nashonesha ndara, wifi."

"Shonesha, shonesha. Mtu anayezunguka kutafuta kazi anahitaji ndara nzima."

Fundi viatu akacheka. Akanitazama usoni, akaacha.

"Na hiyo laptopu mnaipeleka wapi?" nikauliza.

"Si nilikwambia imekufa? Tunakwenda kuizika."

"Muizike vizuri basi," nikamwambia. "Isije ikafufuka mbele za watu."

Alicheka akashika kiuno. Na mimi nikacheka. Tena nilicheka kwa moyo wote, mara ya kwanza tangu mama afariki. Nilikuwa naiona kesho: wazazi kwenye viti, dada yake wifi kasimama mbele kavaa gauni la kupendeza, mashine inatoka mguuni, inashuka, sindano ya nane inaamka.

Jioni, jua linazama, nilikuwa napiga pasi nguo yangu ya kwenda kutazama. Kaka akaingia bila kubisha. Shati lake lilikuwa limekatika vifungo viwili, na uso umejaa tabasamu. Nikashika pasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mdogo wangu," alisema, "kesho vaa vizuri."

"Nakwenda wapi?"

"Shule ya wasichana. Nimewakamata."

Pasi nikaiweka chini.

"Funguo nilimpa mke wangu makusudi," alisema. "Muda mrefu nilikuwa na wasiwasi naye, nikasema acha nione anazipeleka wapi. Nimewafuata hadi kule dukani. Nimeikuta laptopu ya mama iko mezani, korongo wako kwenye kioo, wanashangilia kama harusi. Nikaifunga, nikaibeba. Fundi Mkoba kaning'ang'ania, ona vifungo hivi. Nimekwenda nayo moja kwa moja kwa mwalimu mkuu."

"Kwa mwalimu mkuu," nikarudia.

"Nikamwambia huyu ndege ni wa mdogo wangu. Kasema, utathibitishaje? Nikamwambia vidole! Mguu wa kushoto una vinne, kosa la mdogo wangu, na mama alikataza lisirekebishwe. Mwalimu kapiga meza. Kasema hayo ndiyo maelezo aliyoyatafuta, maana mke wangu alimwambia eti ndege wa ng'ambo! Kesho mashine itashona kutoka kwenye mchoro wenyewe, mbele ya wazazi wote, watu wahesabu wenyewe. Vikiwa vinne, sare zote ni zako."

"Na vikiwa vitatu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua likichomoza magharibi. "Vitakuwaje vitatu?"

"Laptopu iko wapi, kaka?"

"Kwenye kabati la mwalimu mkuu. Kalifunga mbele yangu, ufunguo katia pochini. Wewe hutaigusa, ili mtu asiseme umeichezea. Mwalimu wa kompyuta wa pale ndiye atakayeifungua. Wewe utasimama pembeni ya mashine, na jina lako nimeshaliandika kwenye karatasi. Litasomwa kwa kipaza sauti mashine ikianza kushona."

Jina langu kwa kipaza sauti. Na chini ya ndege, kwa uzi mweusi, herufi tano.

"Kitu kimoja tu kimenishangaza," kaka aliendelea. "Nilipoibeba laptopu nilidhani mke wangu atalia. Hakulia. Kacheka. Kasema tutaonana kesho, yeye atakaa mstari wa mbele ahesabu."

Bila shaka alicheka. Alikuwa ameshamwona korongo wa vidole vitatu.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, kaka."

"Basi nitafutie maji ya kunywa. Leo nimekimbia kama mwanafunzi aliyechelewa."

Nikampa. Akaenda bombani kunawa, anapiga mluzi. Nikachukua simu.

"Hamjambo. Neno ambalo limeshahifadhiwa, na laptopu imefungiwa kabatini kwa mtu, linafutwaje?"

"Dada Dirisha karudi!" akaandika Mtambo Mbovu. "Leo kafunga na kabati!"

Babu Waya hakucheka. "Uliweka nakala?"

"Hapana."

"Ni neno gani?"

Nikamwandikia. Nikamweleza na jina litakalosomwa. Bi Kebo, ambaye kila siku ana la kusema, aliweka alama ya kuuliza tu, kisha akaifuta.

Babu Waya alikaa muda mrefu anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Hapo karibu yako kuna nani?"

"Kaka."

"Basi hilo halina kitufe, binti. Zima simu, umwambie."

Mluzi ukakoma. Kaka aliingia anajifuta mikono kwenye shati lile lililokatika vifungo, akakaa kwenye kiti cha mama, akanyoosha miguu.

"Unaandikiana na nani?"

Nikaizima simu, nikaigeuza kioo chini.

"Kaka," nikasema, "yule korongo uliyemwona kwenye kioo pale dukani, ulimhesabu vidole?"